Student's, students' au students: ipi uandike, na wapi?

Arusha ndiko yaliko makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kwa Kiingereza inaitwa *African Court on Human and Peoples' Rights*, na ile alama ndogo, ritifaa, au apostrofi kama wengi wanavyoiita, inakaa baada ya s. Nimeona barua, mialiko na hata vichwa vya habari vikiandika *People's Rights*, ritifaa ikiwa kabla ya s, na mwandishi akaamini hakuna kilichoharibika.

Kimeharibika. *People's rights* ni haki za watu, yaani binadamu mmoja mmoja au wananchi kwa ujumla wao. *Peoples' rights* ni haki za jamii za watu, kila jamii ikihesabiwa kuwa kitu kizima chenye haki zake. Mkataba ulioipa mahakama hiyo jina, uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kutumika tarehe 21 Oktoba 1986, unazitaja haki hizo waziwazi: kifungu cha 20 kinahusu jamii ya watu kujiamulia mambo yake, cha 21 mali asili zake, cha 22 maendeleo yake. Ritifaa ikisogezwa hatua moja kushoto, wenye haki hizo wanabadilika.

Sasa linganisha na Zanzibar ya miezi ya kwanza baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa Kiingereza nchi iliitwa *People's Republic of Zanzibar and Pemba*, ritifaa kabla ya s, kwa sababu waliokusudiwa ni watu wa nchi moja. Kiswahili kinasema "watu" pote pawili, na msomaji anaelewa kutokana na mazungumzo. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Nimefundisha na kusahihisha Kiingereza cha maandishi kwa miaka mingi, na naamini kuchagua vizuri kunawezekana bila kukariri kanuni kumi, mradi ujue cha kujiuliza.

Sikio halitusaidii

Tamka *student's*, kisha *students'*, kisha *students*. Sauti ni ileile mara tatu. Mwingereza mwenyewe hasikii tofauti, ndiyo maana naye hukosea. Kwetu ritifaa husikika: kung'oa jino si sawa na kukata ngoa, na mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba ng'ombe na ngoma hazianzi kwa sauti moja. Ritifaa ya umiliki katika Kiingereza haina sauti yake yenyewe. Inaonekana kwenye karatasi tu.

Halafu angalia mahali wingi unapokaa. Kiswahili kinauweka mlangoni, mwanzoni mwa neno: mwanafunzi, wanafunzi. Kabla hujafika mwisho wa neno umeshajua ni mmoja au ni wengi. Kiingereza kinarundika wingi na umiliki mwishoni, na vyote viwili vinagombea s hiyo hiyo.

Mtego wa pili tunauleta sisi wenyewe kutoka nyumbani. Katika Kiswahili, -a unganifu hufuata kitu kinachomilikiwa: kitabu *cha* mwanafunzi, vitabu *vya* mwanafunzi. Mali ikiongezeka, alama ya umiliki inageuka. Tumezoea hivyo tangu utotoni, kwa hiyo tukiandika Kiingereza mkono unataka kuhamisha ritifaa kila mali inapokuwa nyingi. Nimesahihisha insha nyingi zenye *my sisters' shoes* ambamo dada ni mmoja, ila viatu ni viwili. Kiingereza hakijali viatu ni vingapi. Kinauliza dada ni wangapi.

Weka sentensi zako ubavuni mwa hizi:

| Kwa Kiswahili | Kwa Kiingereza |
|---|---|
| kitabu cha mwanafunzi | the student's book |
| vitabu vya mwanafunzi | the student's books |
| kitabu cha wanafunzi | the students' book |
| vitabu vya wanafunzi | the students' books |
| vitabu vya watoto | the children's books |

Katika safu ya Kiswahili, achana na *cha* na *vya*, tazama *mwa-* na *wa-*. Hapo ndipo ritifaa inapoamuliwa. Ukikwama katikati ya sentensi ya Kiingereza, isemee moyoni kwa Kiswahili, kisha msikilize mwenye mali peke yake.

Kabla ya s au baada yake

Mwandike kwanza mwenye mali akiwa amekamilika, katika umoja au wingi wake, kana kwamba hamiliki chochote: *student*, *students*, *child*, *children*, *nurse*, *nurses*. Ndipo uongeze alama. Neno la wingi likiwa tayari linaishia na s, weka ritifaa peke yake: *nurses'*. Likiwa haliishii na s, weka ritifaa pamoja na s: *children's*.

Kwa njia hii utaona kwa nini *childrens'* na *womens'* haziwezi kuwa sahihi. Hakuna neno *childrens*. Wingi wa *child* ni *children*, umekamilika, na alama inakuja juu yake. Ni hivyo hivyo kwa *men's*, *people's*, *oxen's* na *mice's*. Siku ya tarehe 8 Machi ni *International Women's Day*, ingawa wanawake wanaosherehekewa ni dunia nzima. Wingi wao umeshabebwa na *women*. Hauhitaji ritifaa ihamie nje kuuthibitisha.

Wapo wanaofundisha kwamba kabla ya s ni umoja na baada ya s ni wingi. Naomba tuiache kanuni hiyo. Inafanya kazi kwa *student* na *nurse*, kisha inakuangusha kwenye maneno tunayoyatumia kila siku katika barua za ofisi na miradi: wanawake, watoto, watu. Humo wingi uko kabla ya s.

Mara nyingine sarufi inaruhusu zote mbili na uamuzi ni wa maana. Anna Jarvis, mwanamke wa Marekani aliyepigania siku ya kuwaenzi akina mama hadi ikatangazwa rasmi nchini mwake mwaka 1914, alisisitiza iandikwe *Mother's Day*, kwa umoja. Alitaka kila familia imkumbuke mama yake mmoja. *Mothers' Day* ingekuwa siku ya akina mama wote kama kundi, na yeye hakuitaka hiyo. Ukipewa kazi ya kuchapisha bango la sherehe, hilo ndilo swali la kujiuliza: tunamfikiria mmoja mmoja, au kundi?

Kwenye wasifu wa kazi jibu halina mjadala. Shahada ni *bachelor's degree* na *master's degree*, ritifaa kabla ya s, kwa kuwa shahada ni ya mtu mmoja aliyehitimu ngazi hiyo. Ukiwa na mbili, ni *two master's degrees*. Kinachoongezeka ni *degree*. Ukiandika jina kamili, *Master of Arts* au *Bachelor of Education*, ritifaa yote inaondoka.

Ritifaa au bila ritifaa

Hapa ndipo watu makini wanapopotea, na hawana kosa, maana taasisi zenyewe hazikubaliani. Tume ya kuajiri walimu nchini Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1967 na kutajwa katika Katiba ya 2010, ni *Teachers Service Commission*. Hakuna ritifaa. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu nchini Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, ni *Higher Education Students' Loans Board*. Ritifaa ipo, baada ya s. Zote mbili zinahudumia watu wengi na zote zina neno la wingi linaloishia na s. Yupi kakosea?

Hakuna aliyekosea. Kiingereza kinamruhusu mwandishi kulitazama neno la kwanza kwa macho mawili. Ukiliona ni mwenye mali, unaweka ritifaa: mikopo ni ya wanafunzi. Ukiliona linaeleza tu aina ya kitu, kama kivumishi, unaliacha: tume ni ya mambo ya utumishi wa walimu, lakini walimu hawaimiliki. Idara ya serikali ya Marekani inayohudumia waliokuwa wanajeshi inaeleza hivyo hivyo kuhusu *Veterans Day*: siku haimilikiwi na wanajeshi hao, imewekwa kwa heshima yao.

Jipime kwa kuuliza kama unaweza kusema "kwa ajili ya" mahali pa "ya". Mwongozo kwa ajili ya walimu unaweza kuwa *a teachers guide*, ingawa mimi ningeandika *a teachers' guide*, kwani katika maandishi ya kawaida ritifaa humsaidia msomaji aone uhusiano haraka. Malalamiko ya walimu lazima yawe *the teachers' complaints*, kwa kuwa walimu ndio wanaolalamika. Hapo "kwa ajili ya" haiingii kabisa.

Neno la wingi lisiloishia na s halikupi nafasi hiyo ya kati. Huwezi kuandika *Womens Group* kwa hoja kwamba ni kivumishi, kwa sababu neno *womens* halipo. Ama *Women's Group*, ama unaacha *women* uchi kama lilivyo. Sheria ya Kenya inayohusu watoto imechagua njia ya pili: ni *Children Act*, bila s wala ritifaa.

Jina rasmi likishasajiliwa, linakiliwe lilivyo. Usilisahihishe. London kuna vituo viwili vya treni vilivyofuatana, *Earl's Court* na *Barons Court*, kimoja na ritifaa, kingine bila, na ramani inaviheshimu vyote. Duka la vitabu la Waterstone's liliondoa ritifaa yake mwaka 2012 na likawa Waterstones. Marekani, bodi ya serikali ya majina ya mahali, iliyoundwa mwaka 1890, huikataa ritifaa ya umiliki karibu kila mahali. *Martha's Vineyard* ni mojawapo ya majina machache mno yaliyoachiwa. Unapoandika barua kwa taasisi, fungua ukurasa wake rasmi au tazama mhuri wake. Dakika moja inatosha.

Ritifaa au *of*

Kwa sisi wasemaji wa Kiswahili *of* ni tamu. Inapanga maneno kama tunavyoyapanga: *the roofs of the houses*, mapaa ya nyumba. Ndiyo maana tunaitumia kupita kiasi. *The bags of the students were left in the class of the teacher* ni sentensi inayoeleweka, lakini inasomeka kama tafsiri. *The students' bags were left in the teacher's class* ndiyo inayotiririka.

Kwa binadamu na wanyama, anza na ritifaa: *the farmers' cows*, *the cows' horns*. Kwa vitu visivyo na uhai, *of* mara nyingi ni salama zaidi: *the legs of the tables* inapendeza kuliko *the tables' legs*. Hata hivyo vyombo vinavyoundwa na watu, kama kampuni, nchi na vyama, vinapokea ritifaa bila shida: *the companies' profits*, *the two countries' border*.

Kuna mahali ambapo *of* inashinda hata kwa binadamu. Mwenye mali akiwa na maelezo marefu nyuma yake, ritifaa inaelemewa. Watoto wa walimu waliohamishwa mwaka jana ni *the children of the teachers who were transferred last year*. Jaribu kuweka ritifaa hapo uone neno gani litaibeba. Mashemeji nao wanaleta tabu: *my brothers-in-law's cars* ni sahihi, kwa kuwa wingi unakaa kwenye *brothers* na ritifaa mwisho wa fungu lote, lakini msomaji atasimama kuhesabu. *The cars belonging to my brothers-in-law* inampa nafuu.

Kondoo ni kisa cha pekee. *Sheep* ni umoja na ni wingi, kwa hiyo *the sheep's wool* inaweza kuwa sufu ya kondoo mmoja au ya zizi zima, na ritifaa haiwezi kukusaidia. Idadi ikiwa muhimu, itaje: *the wool of all the sheep*, au *each sheep's wool*.

Waanzilishi wa vyama viwili maarufu vya Kenya waliipita njia hii ya *of*, wakawa wameliepa swali lote: *Kenya National Union of Teachers* ya 1957 na *Federation of Kenya Employers* ya 1959. Unapoanzisha chama na wajumbe wanabishana ritifaa ikae wapi, nawashauri mfanye kama wao.

Barua ya kuacha kazi

Muda pia hupewa umiliki katika Kiingereza, na hapa kosa linaingia kwenye hati zenye uzito. Notisi ya mwezi mmoja ni *one month's notice*. Notisi ya miezi mitatu ni *three months' notice*. Mwezi ni mmoja, ritifaa iko kabla ya s. Miezi ni mitatu, ritifaa iko baada ya s. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka: *28 days' leave*. Ya Kenya ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya uzazi: *three months' maternity leave*.

Upo mlango wa pili, kistari: *a three-month notice*, *a 28-day leave*. Ukiuchagua huo, s inaondoka kabisa pamoja na ritifaa, na mbele unaweka *a*. Kinachoharibu barua ni kuchanganya milango miwili: *a three-months' notice*, au *three month notice*. Kwa barua ya kuacha kazi ningechukua mlango wa ritifaa, *I hereby give one month's notice*, maana ndivyo mikataba mingi ilivyoandikwa na ofisa rasilimali watu atayatambua maneno hayo papo hapo.

Nyumba ya akina Mwangi

Kiswahili kina neno zuri ambalo Kiingereza hakina: akina. Tunasema nyumba ya akina Mwangi na kila mtu anaelewa ni familia yote. Kiingereza kinaipata maana hiyo kwa kuliweka jina lenyewe katika wingi: *the Mwangis*. Nyumba yao ni *the Mwangis' house*. Ukiandika *the Mwangi's house* umempa nyumba mtu mmoja, na *the* inabaki haina kazi. Jina likiwa linaishia na s, kama Jones, familia ni *the Joneses* na nyumba ni *the Joneses' house*. Linaonekana refu, lakini ndilo sahihi. Basi kila ambapo ungesema "akina", weka wingi kwanza, kisha ritifaa nje.

James mmoja ni jambo jingine. Hapo Waingereza wenyewe wamegawanyika: London kuna *St James's Park*, bustani, na Newcastle kuna *St James' Park*, uwanja wa mpira. Zote zinakubalika. Chagua moja na uishike katika hati nzima.

Wenye mali wawili wakitajwa kwa majina, angalia kama wanachangia. *Asha and Juma's shop* ni duka moja la wote wawili. *Asha's and Juma's shops* ni maduka tofauti, kila mtu na lake. Katika hati ya urithi au ya ubia, tofauti hiyo inaweza kuwafikisha ndugu mahakamani. Kama kuna hatari yoyote ya kusomwa vibaya, andika kirefu: *the shop owned jointly by Asha and Juma*.

Pale pasipo na umiliki

Kosa linaloonekana zaidi barabarani ni ritifaa kwenye wingi mtupu: *Photo's*, *Spare's*, *Chapati's*. Hakuna anayemiliki kitu hapo. Ni bidhaa nyingi tu: *photos*, *spares*, *chapatis*. Vifupisho hufuata njia hiyo hiyo. Wabunge ni *MPs*. Mshahara wa mbunge mmoja ni *the MP's salary*, na mishahara ya wabunge wote ni *the MPs' salaries*. Mhariri anayeandika *MP's reject bill* amempa mbunge mmoja kitu, kisha hakusema ni nini.

Viwakilishi vya umiliki kama hivi vinakataa ritifaa moja kwa moja: *ours*, *yours*, *theirs*, *its*. *It's* ni ufupisho wa *it is* au *it has*, na haina umiliki wowote ndani yake.

Na ukiwa umesimama mkutanini badala ya kuandika, kumbuka kwamba haya yote hayasikiki. Mwalimu mkuu akisema *we shall discuss the student's results*, wazazi hawawezi kujua ni matokeo ya mtoto mmoja au ya shule nzima, na yupo mzazi ambaye moyo utamwenda mbio akidhani ni wa kwake. Mdomoni, chagua maneno yanayohesabu: *the results of all the students*, au *one student's results*.